Transfoma imeungua, mashine ya alizeti imelala: jenereta, sevisi au vijijini?

MkamuajiKizota: Wakuu, habari za majukumu. Nina mashine ya kukamua alizeti hapa Kizota, Dodoma. Transfoma ya mtaa iliungua Jumanne, tangu hapo hakuna kazi. Nina mawazo matatu: nikodi jenereta, nifungue mashine niifanyie sevisi kubwa, au nifunge niingie vijijini kutafuta alizeti. Nisaidieni kuchagua, usingizi sipati.

FundiMota: Mkuu, taarifa hazitoshi. Mota ni hp ngapi? Umeme mmeambiwa lini? Alizeti ya stoo ni yako au ya wakulima? Vijana unawalipaje?

MkamuajiKizota: Samahani kaka. Hp 15. Tumeambiwa wiki mbili. Magunia 60 ni ya wakulima, 20 yangu. Vijana wawili nawalipa kwa gunia, kwa hiyo sasa hawaingizi kitu, na mmoja mkewe kajifungua juzi.

FundiMota: Hp 15 ni kama kilowati 11, lakini wakati wa kuwaka inavuta mkondo wa umeme mara tano au sita ya kawaida. Jenereta ndogo haiiamshi. Fanya sevisi, na vijana uwalipe posho ya siku wakusaidie kufungua. Chukua mashudu (makapi yanayobaki mafuta yakitoka) ya mwisho uliyokamua, yaminye kwenye karatasi. Yakiacha doa kubwa la mafuta, skrubu inayokamua ndani ya mashine imelika na ulikuwa unapoteza mafuta muda wote.

MamaKibaigwa: Mwanangu, jenereta ya kukodi achana nayo. Mimi nina mashine ya kusaga. Umeme ulikatika mahindi yamejaa sokoni, nikakodi jenereta, mwenye nayo akaapa ni nzima. Siku ya pili jioni taa zikaanza kufifia na kung'aa, kufifia na kung'aa. Nikasikia harufu ya waya. Kabla sijafika kwenye swichi, moshi umetanda na mama mmoja bado kashika debe lake mdomoni mwa mashine. Mota iliungua yote. Mwenye jenereta akasema nimezidisha mzigo, hela ya siku tano hakurudisha hata shilingi. Mota ikaenda kusukwa upya. Inarudi, umeme ulisharudi siku nne nyuma na wateja wamehamia kwa jirani.

Chamwino_2: Pole mama. Mimi nasema hizi ndizo siku za kufuatilia nembo ya TBS, shirika la viwango. Anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, upate barua ya utambulisho. Mashine ikiwa inanguruma hupati nafasi ya kukaa kwenye foleni za ofisi.

Mpwapwa Mkulima: Mbona wote mmeruka wakulima? Yale magunia 60 yana wenyewe, na nyumbani mafuta yameisha. Wapigie leo, mmoja mmoja. Anayetaka kuhamishia kwenye umeme mruhusu, tena msaidie usafiri.

Chamwino_2: Akiwahamisha kawapoteza. Huko watakuta mashudu wanaachiwa, hawarudi tena.

Mpwapwa Mkulima: Kwani mashudu ni ya nani? Alizeti nimelima mimi, nimepalilia mimi, halafu mashudu yabaki kwako na hela ya kukamua nikulipe?

Chamwino_2: Wapo wanaokamua bila hela, wanabaki na mashudu. Ni makubaliano.

Mpwapwa Mkulima: Makubaliano gani wakati bei ya mashudu mnaijua ninyi tu?

MkamuajiKizota: Asanteni. Jenereta nimeifuta. Nimeshapiga simu 11, watatu wanahamisha, wengine wanasubiri. Kesho tunafungua skrubu. SIDO na vijijini bado napima nianze na kipi.

FundiMota: Transfoma mpya ikifungwa, usipakie alizeti kwanza. Toa mkanda, washa mota tupu, tazama inazungukia wapi. Waya zikibadilishana nafasi mota inageuka kinyume. Fundi abadilishane waya mbili tu, imekwisha.

MamaKibaigwa: Na huyo kijana mwenye mtoto mchanga mtangulizie hata lita tano za mafuta.

Mpwapwa Mkulima: Bado nasubiri jibu. Hapo Kizota mashudu mnauza kilo shilingi ngapi?