Filamu fupi za watu wa kawaida Dar: kelele za Kariakoo, nyuso za bluu na majibu ya "tunamshukuru Mungu"

kijana_wa_Gerezani

Wakubwa shikamooni, wengine habari za kazi. Naandaa filamu fupi 6 za watu wa kawaida wa Dar es Salaam, dakika 4 kila moja, bila msimulizi. Mhusika ajieleze mwenyewe. Waliokwisha kubali ni fundi cherehani wa Kariakoo, muuza kahawa wa Kisutu, mama anayekaanga samaki kwenye soko la Feri, na mwenye duka la vitambaa Mtaa wa Uhuru ambaye ukoo wake una asili ya Gujarat. Vifaa ni kamera moja yenye lenzi ya 50mm, simu, maiki ndogo ya kubana kwenye nguo na kinasa sauti.

Majaribio yametoa matatizo matatu. Sauti imemezwa na jenereta na spika za matangazo. Nyuso za watu walioketi chini ya turubai zimetoka za bluu. Na kila ninayemhoji anajibu "tunamshukuru Mungu, maisha yanakwenda", basi. Naombeni msaada wa hatua kwa hatua.

Sauti Kwanza

Mkuu, anza na sauti, picha zitaifuata. Mahojiano usiyafanyie barazani anapofanyia kazi. Kaeni ndani, kinasa sauti peke yake, kamera ibaki kwenye begi, dakika 40 hadi 60. Kwenye filamu ya dakika 4 mdomo unaoongea hauhitaji kuonekana zaidi ya mara mbili tatu. Kinachobaki ni sauti yake juu ya mikono yake.

Studio unayo tayari: lile duka la vitambaa. Majora yaliyopangwa mpaka juu yanameza mwangwi kuliko sponji za kununua. Mwombe mwenye duka akuachie kona siku ya Jumapili, wahoji humo hata hao wengine. Chumba cha vigae na dari la bati hakifai hata kikiwa kimya.

Maiki ikae kifuani, kama sentimita 20 chini ya kidevu. Rekodi kwa 48 kHz, biti 24, sauti icheze kati ya -18 na -12 dB. Kichujio cha kukata sauti nzito za chini ya 80 Hz kitapunguza mngurumo wa jenereta, lakini spika ya matangazo hutaiondoa: ile ni sauti ya mtu, iko kwenye masafa yale yale ya mhusika wako. Ukiipunguza unamla naye. Dawa yake ni kuhama tu.

Angalia nguo. Kitenge kipya chenye wanga kinachakacha kila akivuta pumzi. Maiki iliyofichwa chini ya ushungi wa nailoni inasuguliwa kila akigeuza shingo, na msuguano huo hauondoki kwenye uhariri. Ibane juu ya ushungi, ionekane, hakuna ubaya. Kama mhusika ni mwanamke na wewe ni mwanamume, jionyeshee mwenyewe inavyobanwa, kisha mpe aibane kwa mkono wake.

Redio izimwe, kwa adabu. Ukikata sentensi wimbo unaruka, na juu ya hapo mfumo wa YouTube unautambua wimbo na video inadaiwa hakimiliki. Adhana ikianza, simama. Kariakoo na Kisutu misikiti haianzi kwa pamoja, kwa hiyo subiri mpaka wa mwisho umalize, halafu rudia swali zima tangu mwanzo. Usimwombe aendelee juu yake. Wengi huwa wanaiitikia kimoyomoyo.

Kabla ya kuondoka popote, rekodi sekunde 60 za mahali penyewe bila mtu kuongea. Ndiyo gundi ya kuunganishia vipande. Na kwa muuza kahawa, sogeza maiki sentimita 30 kutoka mkononi mwake anapogonganisha vikombe. Mlio ule ndio tangazo lake la biashara; wateja wanaujua kabla hawajaliona dele. Chukua dakika 2 za vikombe tu, kisha makaa, kisha kahawa ikimiminwa. Filamu yake ianze na vikombe kwenye giza, picha ije baadaye.

MzeeLenzi

Naunga mkono. Sasa picha.

Bluu inatoka kwenye turubai lenyewe: jua linapita ndani yake na kumwagika usoni. Ukipima weupe kwa karatasi nyeupe chini ya turubai hilo hilo, uso utapona, ila barabara nyuma itageuka ya chungwa. Njia rahisi ni kumsogeza mita 1 kuelekea ukingoni, mwanga wa anga umpige ubavuni, turubai libaki juu ya kisogo. Asiposogezeka, pima kwa karatasi na ufunge fremu ili barabara isionekane. Usiiache kamera ijipimie, maana itabadilisha rangi katikati ya shoti kila mtu mwenye shati jekundu akipita.

Ngozi nyeusi mbele ya ukuta mweupe au barabara yenye jua inageuka kivuli, kwa sababu kamera inapima ule weupe. Pima uso. Kama kamera ina mistari ya zebra (michirizi kwenye kioo inayoonyesha kiwango cha mwanga), iweke ili ngozi ya mtu mweusi iangukie kati ya asilimia 40 na 55, nyuma paungue kama lazima paungue. Kisha mpe uso kitu kikubwa cheupe cha kuakisi: manila mbili zilizobandikwa kwenye kadibodi, upande wa pili wa mlango. Taa ndogo kali inaacha nukta za mafuta kwenye paji la uso. Eneo pana la mwanga linachora shavu lote.

Fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) sekunde 1/50. Umeme wetu ni 50 Hz, hivyo ukipiga 1/60 chini ya tyubu za duka utaona mistari ikipanda na kushuka. Nje tumia filta ya ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga kwenye lenzi), usiguse shata. Simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu zenyewe, na baada ya dakika kadhaa sauti ya kinasa inaachana na midomo. Pitisha klipu za simu kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha video, uchague kasi ya fremu isiyobadilika, ndipo uhariri. Piga kofi moja mbele ya lenzi kila unapoanza, ili baadaye ulinganishe sauti na picha.

Kwa fundi: mguu kwenye pedali, sindano ikizama, kidole kinachoongoza pindo, macho juu ya miwani, chaki kwenye kitambaa, mteja akipimwa bega. Kila shoti sekunde 10 bila kutikisika, na usiihamishe kamera kabla kitendo hakijaisha. Vijana wengi hukata mkono ukiwa njiani, halafu mhariri hana pa kushika.

Kadi ya kumbukumbu: kwa kasi ya kurekodi ya 50 Mbps saa moja ni GB 22.5, kwa 100 Mbps ni GB 45. Saa 4 kwa kila mhusika zinatosha, kwa hiyo hesabu mapema. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, acha kamera ndani ya begi lililofungwa dakika 20 hadi 30, la sivyo lenzi inavaa ukungu papo hapo. Feri usiweke begi chini. Sakafu ina maji ya chumvi na magamba.

Bi Mhariri

Mdogo wangu, "tunamshukuru Mungu" siyo kasoro. Ni salamu inayoendelea. Wewe umeuliza "maisha yanakwendaje?", naye kakujibu kiungwana kama alivyolelewa. Uliza kitu chenye mpini: "Nionyeshe mkasi uliokaa nao miaka mingi." "Samaki gani hukubali kumnunua hata akiwa bei rahisi, na kwa nini?" "Nguo gani ilikushinda?" Akimaliza, hesabu mpaka 5 kimya, ukimtazama. Sentensi nzuri huja kwenye kimya hicho. Na mwombe ajibu kwa sentensi kamili, kwa kuwa swali lako halitasikika.

Jambo linalonigusa zaidi: usipange filamu kama maonyesho ya makabila, huyu Mmakonde, huyu Mwarabu, huyu Mhindi. Usifungue na "wewe asili yako wapi?" Mwenye duka wa Uhuru ukimwanzia hapo, umemfanya mgeni katika mtaa aliozaliwa. Muulize jina la khanga inayotoka sana na kwa nini wanaume hununua wakiwa na haraka. Asili yake itatokea yenyewe, kwenye kalamu na daftari la hesabu, kwenye chai, kwenye Kiswahili chake cha mjini akijibizana na mteja wa Kimakonde. Kariakoo yenyewe jina limetoka kwa Carrier Corps, wapagazi wa vita vya kwanza. Mchanganyiko hapo ni wa siku zote, hauhitaji maelezo.

Uhariri: andika mahojiano yote neno kwa neno. Katika maneno kama 6,000, bakiza 300 hadi 350. Zaidi ya hapo watazamaji hawapumui. Panga kwenye karatasi kwanza. Maandishi ya chini yasizidi mistari 2, herufi 40 kila mmoja, na kumbuka "wanaotuletea" ni neno moja refu kwa macho. Sauti ya mwisho -14 LUFS (kipimo cha wastani wa ukubwa wa sauti), kilele -1 dB.

kijana_wa_Gerezani

Nimeelewa, asanteni sana. Vipi vibali? Na mmoja kati ya wawili waliobaki ni machinga asiye na eneo rasmi.

Sauti Kwanza

Kibali ni cha Bodi ya Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976. Ukiwa nacho, pita ofisi ya serikali ya mtaa na uongozi wa soko, upate jina la mtu wa kumtaja ukisimamishwa. Ukitaka droni, hicho ni kibali kingine, cha TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Ridhaa iwe ukurasa mmoja wa Kiswahili, uusome kwa sauti naye akisikiliza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kazi Mei 2023, kwa hiyo aelezwe video itakwenda wapi na anavyoweza kujitoa. Mwonyeshe filamu ikiwa bado haijapandishwa, simuni, kwake, peke yake.

Machinga: mikono, bidhaa, sauti, uso ukitaka, lakini kusiwe na bango la duka wala kona inayotambulika, wala asitaje saa anazopanga na kupangua. Mgambo nao wana intaneti.

Feri fika saa 12 asubuhi, mwanga bado laini na mnada umechangamka. Mwombe mnadi kabla hujainua kamera, na noti zinapohesabiwa shusha lenzi. Simama upande unaokuwezesha kuelekeza kamera kwenye pantoni na maji ya Kigamboni. Ukigeukia upande wa pili ni Ikulu, na askari watakufuata kabla hujafunga fokasi.