Je, kubadilisha bomba na chujio la hewa kunapunguza ulaji wa mafuta kwenye pikapu?

Mzigo Mwepesi ameuliza:

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Nina pikapu ya petroli yenye injini ya lita 2.7, silinda nne, isiyo na tabo (kifaa cha kusukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini), nayo imekwisha kutembea kilomita 180,000. Kazi yake ni kubeba mizigo siku sita za wiki, kwa hiyo kila tone la mafuta nalihesabu. Kwa sasa inakwenda kilomita 8.4 kwa lita moja, ikiwa na mzigo wa wastani katika barabara ya lami.

Nimeshauriwa niondoe boksi la chujio lililotoka kiwandani pamoja na bomba lake la plastiki, kisha nifunge bomba pana la alumini lenye chujio la wazi la umbo la pia, lile la pamba linalooshwa na kupakwa mafuta. Anayeniuzia ananiahidi kwamba ulaji utapungua kwa asilimia 10. Hoja yake ni kwamba injini inayovuta hewa kwa shida ni sawa na mtu anayepanda mlima huku ameziba pua, hivyo ikipumua kwa uhuru itafanya kazi ileile kwa mafuta machache. Hoja hiyo imenikaa kichwani, lakini sijaridhika nayo, kwa sababu najiuliza: ikiwa jambo ni jepesi hivyo, kwa nini waliounda gari, ambao hushindana kupunguza ulaji hata kwa sehemu ndogo ya asilimia, hawakuliweka bomba hilo tangu mwanzo? Naomba maelezo ya wenye ujuzi, hasa wale waliopima wenyewe.

Kanyaga Taratibu amejibu:

Mkuu, mimi nimefunga mfumo wa aina hiyo mwaka mmoja sasa kwenye pikapu inayokaribiana na yako, na siwezi kusema nimejuta. Kabla ya kufunga nilikuwa napata kilomita 8.2 kwa lita, na baada ya kufunga napata 8.8, hesabu ambayo nimeirudia kwa matangi mengi, si tangi moja. Injini inanguruma vizuri zaidi ninapokanyaga mafuta, na gari limekuwa jepesi kuondoka. Asilimia 10 sijaiona, ila asilimia 7 nimeiona kwa macho yangu na nimeiandika. Nakushauri ufunge.

Fundi wa Silinda amejibu:

Ndugu Mzigo Mwepesi, swali lako la mwisho ndilo lenye jibu ndani yake, na naomba nilieleze kwa kirefu kwa sababu nimekutana na magari mengi yaliyoharibiwa na ahadi kama hiyo.

Mfano wa pua iliyozibwa unavutia, lakini unasahau kwamba injini ya petroli huzibwa pua kwa makusudi. Kabla hewa haijaingia kwenye manifoldi, yaani mabomba yanayoigawa hewa kwa kila silinda, kuna throto, yaani kile kibati cha mviringo kinachojizungusha kama kipepeo unapokanyaga pedali ya mafuta. Unapotembea kwa mwendo wa kawaida kwenye barabara tambarare, kibati hicho kinakuwa kimefunguka kidogo tu. Katika usawa wa bahari, shinikizo la hewa ya nje ni takriban kilopaskali 100, ilhali ndani ya manifoldi wakati huo huweza kuwa 40 au 50. Karibu tofauti yote hiyo imeletwa na throto, kwa kuwa chujio safi la kiwandani, katika mwendo huohuo, halipunguzi hata kilopaskali moja. Ukiondoa kizuizi hicho kidogo, mguu wako utalegea kidogo bila wewe kujua, throto itajifunga zaidi kwa upana wa unywele, na hewa inayoingia itabaki ileile, kwa sababu ndiyo inayohitajika kuendesha gari kwa mwendo ule.

Kisha kuna suala la mafuta yenyewe. Kompyuta ya injini hunyunyiza petroli kulingana na hewa iliyopimwa, kwa uwiano wa takriban sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli kwa uzito, na sensa ya oksijeni iliyo kwenye egzosi huusahihisha uwiano huo kila mara. Maana yake ni kwamba hewa ikiongezeka, petroli nayo huongezwa. Bomba pana linaweza kukupa nguvu kidogo pedali ikiwa imezama mpaka chini, wakati throto imefunguka yote na chujio ndilo linalobaki kuwa kizuizi, lakini huo ni wakati ambao hakuna dereva anayeokoa mafuta.

Jambo hili limepimwa, tena kwa kulipindua: badala ya kuongeza hewa, waliizuia. Mwaka 2009, Maabara ya Taifa ya Oak Ridge ya Marekani ilichapisha majaribio ambamo machujio yalizibwa makusudi kwenye magari ya kisasa ya petroli. Ulaji wa mafuta haukubadilika kwa kiasi cha maana, na kilichoathirika ni uwezo wa gari kuchapuka. Katika gari la zamani la kabureta, yaani kifaa kilichochanganya hewa na petroli bila kompyuta, hali ilikuwa tofauti, kwani kubadilisha chujio lililoziba kuliokoa kati ya asilimia 2 na 6. Nadhani ushauri mwingi tunaousikia hadi leo ni urithi wa enzi hizo za kabureta, na kwa enzi hizo ulikuwa ushauri sahihi. Sasa ikiwa chujio lililoziba halikuongeza ulaji kwenye injini yenye kompyuta, sioni ni kwa njia gani chujio lililo wazi kuliko lile safi linaweza kuupunguza.

Wauzaji wa mabomba haya hudai pia kwamba yanavuta hewa baridi na hivyo kuongeza nguvu. Kuhusu dai hilo, tazama bomba lako la kiwandani linapoanzia. Katika pikapu nyingi, mdomo wake umeelekezwa kwenye matigadi au mbele ya rejeta, mahali ambapo hewa ya nje inaingia ikiwa bado baridi. Chujio la wazi lililokaa ndani ya boneti bila kizuizi linavuta hewa iliyopashwa moto na injini. Hewa ya nyuzi 50 ni nyepesi kwa takriban asilimia 8 kuliko hewa ya nyuzi 25, kwa hiyo hata ile nguvu kidogo inayodaiwa inaweza kupotelea hapo.

Ninaloliogopa zaidi ni vumbi. Nilipokea pikapu moja yenye chujio la pamba ambalo mwenyewe alikuwa analiosha kwa bidii kila mwezi. Nilitoa bomba, nikapitisha kidole nyuma ya chujio, upande ambao hewa inapaswa kuwa safi, na kidole kikatoka na unga laini wa rangi ya udongo. Vumbi la barabarani lina silika, ambayo ni ngumu kuliko chuma cha silinda, na ikichanganyika na oili inakuwa kama msasa kati ya ringi na ukuta wa silinda. Injini ile ilikuwa imeanza kula oili. Isitoshe, sensa ya kupimia hewa ilikuwa na utando wa kahawia juu ya waya wake, uliotokana na mafuta yaliyopakwa kwa wingi kwenye chujio. Waya huo hupashwa moto na kompyuta hupima hewa kwa jinsi inavyoupoza, hivyo ukifunikwa na uchafu hutoa kipimo cha uongo. Vilevile ukibadilisha kipenyo cha bomba mahali sensa ilipokaa, kipimo kinapotoka hata kama waya ni safi, na wengi huishia kuona taa ya injini ikiwaka na msimbo P0171, wenye maana kwamba mchanganyiko umepungukiwa na mafuta.

Nahodha wa Dizeli amejibu:

Naongeza kwa upande wa dizeli, kwa kuwa wapo watakaosoma hapa wakidhani maelezo ya throto yanawahusu moja kwa moja. Dizeli haidhibitiwi nguvu kwa kuzuia hewa. Hudhibitiwa kwa kiasi cha mafuta kinachonyunyizwa, na hewa huwa ya ziada karibu wakati wote. Kwa hiyo kuongeza hewa mahali ambapo tayari imezidi hakuleti nafuu ya kuonekana. Chujio likiziba kabisa ndipo utaona moshi mweusi, joto la egzosi kupanda na tabo kufanya kazi ya ziada, na hapo tiba ni chujio jipya la aina ileile. Vumbi likipita, huanza kulamba mapanga ya tabo kabla hata ya kufika kwenye silinda. Wanaofunga bomba refu linalopanda ubavuni mwa kioo nao waelewe kwamba limetengenezwa kwa ajili ya kuvuka maji na kuvuta hewa iliyo juu ya vumbi, halikutengenezwa kwa ajili ya kubana mafuta.

Daftari la Lita amejibu:

Nakubaliana na fundi, lakini sipendi tumpuuze ndugu Kanyaga Taratibu, kwa sababu ameandika takwimu na amerudia vipimo, jambo ambalo wengi hawalifanyi. Tofauti ya 8.2 na 8.8 kwa matangi mengi ni lazima iwe na chanzo. Naomba nikuulize, ndugu yangu: unajaza mpaka pampu ijikate yenyewe, kisha unagawa kilomita kwa lita, au unasoma tarakimu ya kwenye dashibodi? Na je, siku ulipofunga bomba hilo, kuna kitu kingine chochote kilichobadilishwa kwenye gari, kama vile tairi, plagi, oili au keria ya juu?

Kanyaga Taratibu amejibu:

Najaza mpaka ijikate, kituo kilekile, na kilomita nasoma kwenye mita ya gari. Kuhusu mabadiliko mengine, ni kweli kwamba wiki ileile nilirudisha tairi za saizi ya kiwandani, 245/70R16, kwa kuwa zile kubwa za 265/75R16 zilikuwa zimeisha. Plagi na oili sikugusa.

Daftari la Lita amejibu:

Basi jibu liko kwenye tairi. Tairi ya 245/70R16 ina kipenyo cha milimita 749, na ya 265/75R16 ina milimita 804, yaani kubwa zaidi kwa asilimia 7.3. Mita ya gari huhesabu mizunguko ya magurudumu, haijui ukubwa wake. Ulipokuwa na tairi kubwa, kila mzunguko ulikupeleka mbali zaidi kuliko mita ilivyoamini, kwa hiyo kila kilomita 100 ulizosoma zilikuwa takriban 107 za kweli. Zidisha 8.2 kwa 1.073, utapata 8.8. Gari lako lilikuwa likipata 8.8 kabla ya kufunga bomba, na linapata 8.8 baada ya kulifunga.

Sisemi hivi kukuaibisha, kwani bila daftari lako tusingeweza kulifumbua. Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani limekwisha kuchunguza vifaa zaidi ya 100 vinavyodaiwa kuokoa mafuta, na vilivyoonyesha nafuu yoyote ni vichache mno, tena nafuu yenyewe ndogo. Njia ya kuamini kipimo ni kubadilisha kitu kimoja tu, kupima kwa matangi manne au matano kwenye njia ileile na mzigo uleule, kisha kukirudisha kitu cha zamani na kupima tena. Nafuu ikiwa ya kweli, itaondoka unapokiondoa kifaa.

Ndugu Mzigo Mwepesi, kabla hujatoa fedha kwa bomba, angalia upepo wa tairi zikiwa zimepoa. Kila shinikizo linapopungua kwa kipimo kimoja cha PSI, unapoteza takriban asilimia 0.2 ya mafuta, na tairi za nyuma za gari la mizigo aghalabu hupungua bila mtu kutambua. Angalia pia kama breki zinagusa gurudumu likizungushwa kwa mkono, na kama una keria tupu juu ya kabini, ishushe, kwa sababu ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo.

Kanyaga Taratibu amejibu:

Nimeirudia hesabu hiyo mara mbili na imekubali. Ushauri wangu wa mwanzo naufuta. Boksi la zamani bado ninalo stoo, nitalirudisha mwisho wa wiki hii na kuendelea kuandika.

Mzigo Mwepesi amejibu:

Nawashukuru wote. Bomba sinunui. Leo asubuhi nimepima upepo: tairi ya nyuma kushoto ilikuwa na PSI 26 badala ya 35, na ya kulia 29. Nimefungua pia boksi la chujio, nikaona mpira wa kifuniko umejikunja kwenye kona moja na klipu ya upande huo haishiki, na ndani, upande wa hewa safi, pana mstari wa vumbi wenye urefu wa kidole. Mpira nimeukalisha vizuri na klipu nimebadilisha. Nimjulishe fundi kwamba waya wa sensa nao una weusi kidogo. Je, niufute kwa kitambaa?

Fundi wa Silinda amejibu:

Usiufute kwa kitambaa, wala usiuguse kwa kidole au pamba, kwa kuwa ni mwembamba na hukatika kirahisi. Zima gari, iache injini ipoe, chomoa soketi ya sensa, fungua skrubu zake mbili na uitoe. Tumia dawa ya kupuliza iliyotengenezwa mahususi kwa sensa ya hewa, na usitumie ya kusafishia breki wala ya kabureta. Puliza mara kadhaa ukiwa umeielekeza chini ili uchafu udondoke, kisha iache ikauke kabisa kabla ya kuirudisha. Ule mstari wa vumbi futa kwa kitambaa chenye unyevu kabla hujafunga boksi, na ukague tena mahali hapo baada ya wiki mbili. Pakiwa pasafi, mpira umeshika.