Naomba ushauri: viraka, michoro ya kidijitali na malengo yangu

Habari zenu ndugu zangu. Naombeni ushauri, hasa ninyi mnaoshona sanaa ya viraka, yaani kuunga vipande vya vitambaa kuwa pambo.

Nina kazi ya kutundika ukutani. Uso wa juu nimeshauunga, ila bado sijautandikia pamba ya kati wala kitambaa cha nyuma. Wakati huohuo nimenogewa na tableti: napiga picha viraka vyangu, nabadilisha rangi, nageuza pembetatu mpaka litoke umbo jipya kabisa. Napenda mno. Shida ni kwamba kwenye skrini nafuta nikitaka; kitambaa kikishakatwa, kimekatwa. Mkono umeanza kuogopa mkasi. Tena nimejiwekea lengo la kujifunza kuchora sura za watu na kusoma kila jioni, na jioni ni hiyohiyo moja.

Nimejaribu kupokezanisha, leo cherehani, kesho tableti. Haikunifaa, maana nikiacha mshono katikati wazo linanitoka.

Je, mliopitia haya, mlimaliza kazi moja kwanza au mliziendesha pamoja? Na mnaochapisha michoro yenu kwenye kitambaa, nukta 150 kwa inchi (kipimo cha ukali wa picha) zinatosha kwa kazi ya kutazamwa kwa karibu, au nipandishe hadi 300?

Nitashukuru sana.