Chui amemchukua Tosha. Huyu aliyebaki nimlinde vipi?

MamaBaraka_Rimpa

Hamjambo. Naomba msaada wa wanaofuga mbwa wadogo karibu na mbuga.

Tunaishi Rongai, upande wa Rimpa. Kutoka nyuma ya ploti yetu hadi mto Mbagathi ni mwendo wa dakika kumi hivi, na ng'ambo ya mto ndiyo Mbuga ya Nairobi. Tulihamia hapa Januari mwaka jana kutoka Umoja, nikaja na mbwa wawili weupe, Tosha na Kito, ndugu wa tumbo moja. Hata kilo saba hawafiki. Walikuwa wakilala kwenye kibanda cha mbao nyuma ya jikoni.

Usiku wa kuamkia Jumatano nilimsikia Kito akilia. Hakubweka, alilia. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi. Nilipofungua mlango wa jikoni na kumulika tochi, alikuwa amejibana chini ya tangi la maji, anatetemeka, amejikojolea. Tosha hakuwepo. Sikuwa nimesikia ugomvi wowote, wala ubao kuanguka.

Asubuhi jirani yetu, mzee wa Kimaasai aliyezaliwa hapa, alikuja akachutama penye udongo laini karibu na mfereji. Nyayo zilikuwa za mviringo, pana kama kiganja changu, na mbele ya vidole hapakuwa na alama ya kucha. "Fisi huacha kucha," akaniambia. "Huyu amezificha. Ni chui." Chui aliruka ua wa kayaba akaingia, akatoka papo hapo na mbwa mdomoni. Manyoya meupe yamenasa kwenye miiba, juu kidogo ya kichwa changu. Mpaka sasa sijaweza kuyatoa.

Mume wangu anasema mbwa ni wa nje, akilala ndani hana kazi. Fundi mmoja ameniambia niongeze seng'enge futi mbili juu ya ua. Dukani mtu akanishauri nitie sumu kwenye nyama. Mimi sitaki kuua mnyama wa mtu yeyote wala wa Mungu, nataka Kito aishi. Nianze na nini leo usiku?

Mzee_wa_Tuala

Pole sana mama. Mimi nimepoteza mbwa watatu kwa miaka yangu hapa, najua hiyo asubuhi ilivyo.

Leo usiku Kito alale ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Mengine yote yanaweza kungoja, hilo haliwezi. Chui akipata chakula mahali bila taabu hurudi, na anakijua kibanda chako sasa.

Seng'enge ya futi mbili usipoteze pesa. Chui hupanda mti na swala mdomoni, ua wa kayaba kwake ni ngazi tu. Ua mzuri humzuia fisi, ambaye hupita chini, lakini si huyu. Ukitaka kumpunguzia njia, kata matawi yote yanayoning'inia juu ya ua na juu ya mabati, kisha fyeka vichaka vya upande wa mto. Hapendi kuvuka mahali peupe.

Sumu, tafadhali, hapana. Sumu haichagui. Watakufa tumbusi, watakufa mbwa wa majirani, na mtoto anaweza kuokota ile nyama. Tena sheria ya wanyamapori ya 2013 inamlinda chui, utajikuta mahakamani. Piga ripoti KWS, shirika la serikali la wanyamapori, hata kama ni mbwa tu aliyeliwa. Watu wengi huona aibu kuripoti mbwa, na hivyo hakuna anayejua kwamba chui anazunguka mtaa wenye watoto.

Wala usimchukie sana. Mbuga ilitengwa 1946, na upande wa kusini haukuwahi kufungwa ua, ili wanyama watoke kwenda nyanda za Kitengela na Kaputiei na kurudi. Hapa tunapojenga palikuwa njia yao. Nalisema hili kwa sababu wengi walionunua ploti hawakuambiwa.

FundiWeldi_Kiserian

Dada, pole. Vibanda vya mbwa ndiyo kazi yangu, na kosa ninalokuta kila mara ni kujenga kibanda kama zizi: kuta nzuri, juu wazi. Kama mbwa lazima alale nje, basi kiwe sanduku la chuma pande zote sita. Chini slabu ya simiti, kwa sababu fisi huchimba. Juu mabati na wavu chini yake. Pembeni weldmeshi, yaani wavu wa chuma uliochomelewa, nzito ya matundu madogo, inchi moja. Ile seng'enge ya kusokotwa ya uani fisi huikunjua kwa meno.

Kwa nini matundu madogo? Chui hahitaji kuingia. Huingiza mkono, akamnasa mbwa aliyelala ameegemea wavu, akamvuta. Nimeitwa kwenye nyumba moja ambapo kufuli halikuguswa na mbwa alikuwa amekufa. Kwa hiyo ndani ya banda weka kijumba cha mbao katikati, mbali na wavu kila upande kwa urefu wa mkono wako mzima. Mlango uwe na komeo mbili, ya juu na ya chini.

Na usimfunge mnyororo usiku. Mbwa mdogo kwenye mnyororo hana hata nafasi ya kukimbilia chini ya tangi kama alivyofanya Kito.

Taa: zile za kuwaka na kuzima alizobuni Richard Turere wa Kitengela akiwa mtoto wa miaka 11 zimewasaidia wafugaji kufukuza simba kwenye maboma. Ziweke, lakini kama nyongeza. Taa isiyobadilika mnyama huizoea.

DaktariMifugo_Ngong

Mama Baraka, umemkagua Kito mwili mzima? Mbwa wa manyoya marefu anaweza kuwa na tundu la jino moja tu, nje halionekani, ndani limeoza baada ya siku mbili. Mpapase polepole shingoni, mgongoni na chini ya mapaja. Ukiona donge au akilia, mpeleke leo.

Uliza pia chanjo yake ya kichaa cha mbwa ilikuwa lini. Kama imepita mwaka, achanjwe tena. Na kama kuna mtu aliyeng'atwa au kukwaruzwa, hata na Kito mwenyewe kwa hofu ile, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Haja ndogo ya usiku: mtoe kabla giza halijaingia, na tena alfajiri kukishapambazuka. Akibanwa katikati, toka naye mwenyewe, kamba mkononi, tochi kwanza, hatua chache tu kutoka mlangoni. Mabaki ya nyama na mifupa yasilale nje.

MamaBaraka_Rimpa

Asanteni sana, nimewasomea nyumbani kwa sauti.

Daktari, nilimpata na tundu chini ya bega la kushoto, dogo kama punje ya mahindi. Nisingeliona. Ameshonwa, amechomwa sindano, na chanjo yake ilikuwa imepita miezi minne. KWS nimewapigia, na mzee jirani amesema atawaonyesha nyayo wakifika.

Mume wangu amenyamaza siku mbili. Jana saa nane usiku Kito alibweka akiwa jikoni, kwa nguvu kuliko alivyowahi kubweka kibandani, na taa za majirani watatu zikawaka. Asubuhi nikamkuta Baba Baraka anamkunjia blanketi karibu na jiko. Hakusema kitu, nami sikumuuliza.

Fundi, bado nataka banda la mchana, maana nikiwa kazini hakai ndani siku nzima. Jumamosi unaweza kuja kupima? Kibanda cha zamani nimeshakivunja, mbao ziko kando ya lango kama zinaweza kutengeneza kile kijumba cha katikati.