Mjadala: Mashairi huru yaingie mashindanoni Amu (Lamu)?

Mtoa hoja, mtaa wa Mkomani: Assalaam alaykum, ndugu zangu. Vijana wetu wanaotunga mashairi huru, yale ya mzaha na tafakuri yasiyohesabu mizani, yaani silabi za kila mshororo, nasema waruhusiwe kusoma diwani zao kwenye mashindano ya ushairi hapa Amu. Tena jukwaa liwe lile lile, wasisukumwe uani.

Wapinzani hudai si mashairi kwa kuwa hayafikishi mizani 16 kwa mshororo. Hiyo ni kanuni ya tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti. Utendi una mizani 8, Inkishafi, utungo wetu wa kale, ina 10, na tumbuizo, nyimbo za shujaa Liyongo, huenda kwa kina kimoja bila kugawanywa beti. Nyimbo za kimai za mabaharia na za wawe za wakulima nazo zina mwendo wake. Kaskazini hii lini tulikuwa na kipimo kimoja?

Na mzaha tunao tangu zamani. Washairi Zahidi Mngumi wa Amu na Muyaka wa Mombasa walirushiana mafumbo na kejeli miji yao ilipokuwa na uhasama, enzi za Vita vya Shela. Kijana wa leo akimtungia mgombea anayegawa kanga kila mwaka wa kura, mshororo wa tatu ukakuchekesha na wa nne ukakunyima usingizi, huyo ni mrithi wao.

Mchangiaji, Langoni: Wa alaykum salaam. Mwenzangu, hujagusa kumbukumbu. Utendi wa Mwana Kupona ni wa 1858, na mama zetu waliuhifadhi kwa ghibu kwa sababu kina huvuta kina. Haya ya vijana atayahifadhi nani? Mtunzi mwenyewe husoma kwenye simu! Wachapishe vitabu vyao, sawa. Mashindano ni ya sauti.

Mtoa hoja: Hapo kwenye sauti sikupingi. Basi sharti liwe hilo: apande bila karatasi wala simu, na asiyehifadhi lake ashuke. Lakini methali na ngano nyingi hazina vina, na twazijua tangu utotoni. Hofu ya kwamba jadi itakufa nayo siikubali. Mshairi Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani yake ya mashairi huru, mwaka 1974 mabishano yaliwaka kama haya, na tarbia ingali inaimbwa.

Mchangiaji, Shela: Kaka zangu, mwabishania vina na hakuna aliyeuliza majaji ni nani. Wakiwa wote ni wazee wa tarbia, kijana amehukumiwa kabla hajafungua kinywa. Na sisi wanawake je? Mwana Kupona alimtungia bintiye, nyumbani kwake. Mpaka leo wako watunzi hodari, wa vina na wa huru, wasiosoma mbele ya wanaume. Mimi nataka kikao cha wanawake watupu, majaji wanawake, na zawadi sawasawa na ya wanaume. Nani atalipeleka hili kwa kamati?

Mchangiaji, Langoni: Hilo la kikao nitalipeleka mimi, dada. La mashairi huru bado nakataa.