Ushauri: Kutazama video kwa spidi ya mara mbili kuna madhara?

Kisogo Kirefu: Wakuu, habari za jioni. Siku hizi siwezi kutazama video YouTube kwa spidi ya kawaida. Mtu akianza kuongea naona ananichelewesha, naweka 2x. Hivi yanabaki kichwani kweli? Nina wasiwasi.

Mama Swaumu: Tuko wengi. Tangu WhatsApp walete kuharakisha voisi mwaka 2021, dada yangu wa Tanga namsikiliza mbiombio. Akisimulia msiba anaanzia walivyoamka asubuhi!

Nkwabi: Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walipima wanafunzi mwaka 2021. Hadi 2x walielewa karibu sawa na wa spidi ya kawaida, 2.5x ndipo wakashuka. Waliorudia kwa 2x muda mfupi kabla ya mtihani walifanya vizuri zaidi. Lakini ile ilikuwa mihadhara. Wewe unatazama nini?

Kisogo Kirefu: Mambo ya ufundi tu.

Chachandu: Endelea mkuu, unaokoa na bando.

Nkwabi: Haokoi. Video ni ileile, MB zilezile, zinaisha mapema tu. Kisogo, ufundi gani?

Kisogo Kirefu: Sola. Kuna mzee kanipa nyumba nzima, Jumamosi naanza. Msiniambie nirudishe advansi, yote imeshaingia kwenye vifaa. Na video zote nimezimaliza.

Babu wa Gairo: Kijana, ufundi unashikwa kwa mkono. Sisi tulibeba mkoba wa fundi hadi yeye mwenyewe aseme basi. Leseni ya fundi umeme kutoka EWURA unayo?

Chachandu: Hii chai. Nani ampe nyumba mtu wa YouTube? Mods fungeni uzi.

Kisogo Kirefu: Si chai mkuu. Mzee ni jirani yetu, kaniona nakua.

Chachandu: Haya, kwenye kontrola, kile kifaa cha kuongoza chaji ya betri, unaunga nini kwanza?

Kisogo Kirefu: Paneli, halafu betri.

Nkwabi: Hapana! Betri kwanza, kontrola itambue kama mfumo ni wa volti 12 au 24. Ukitanguliza paneli unaweza kuiunguza. Kwenye video hilo husemwa kwa sentensi moja, mkono wa fundi ukiwa tayari umehamia waya mwingine. Kwa 2x limekupita.

Chachandu: Basi kweli si chai. Mzee wa watu!

Mama Swaumu: Mwanangu uko wapi? Shemeji yangu ana leseni, yuko Morogoro mjini.

Kisogo Kirefu: Kilosa, mama. Ila aje siku ya kwanza tu, kazi ni yangu.

Mama Swaumu: Atakuja hadi taa ziwake, na mgao mtaelewana. Njoo PM.