Geji ya joto inapanda hadi nyekundu lakini injini haichemshi: sensa, stabilaiza au geji ya kimekanika?

SeriesTatu
Wakuu, habari zenu. Nina Land Rover Series III ya 1974, injini ya petroli ya lita 2.25, dashibodi bado ni ile ile ya kiwandani. Kinachonisumbua ni geji ya joto. Nikiwasha asubuhi mshale unakaa kwenye C (baridi) kama kawaida, lakini injini ikishapata moto unapanda hadi kwenye nyekundu na kuganda huko huko. Rejeta haichemshi, maji hayapungui, hita inatoa joto la kawaida na gari halipotezi nguvu mlimani.

Kwa dalili hizo naona geji ndiyo inayodanganya, ila sitaki kuendesha kwa kukisia. Njia ninazoziona ni tatu: kubadilisha sensa inayopima joto la maji, kubadilisha stabilaiza, yaani kifaa cha kutuliza volti za geji kilicho nyuma ya dashibodi (ya asili au ya kielektroniki), au kuachana na umeme kabisa nifunge geji ya kimekanika yenye mrija wake. Mngeanza na ipi, na kwa nini?

Spana13
Sensa, mkuu. Ndiyo inayoishi ndani ya maji ya moto miaka yote, na ndiyo rahisi kuliko zote: unafungua moja, unafunga nyingine, unaongeza maji kidogo. Sensa za magari haya ukinzani wake (jinsi inavyouzuia umeme, hupimwa kwa omu) hushuka kadiri joto linavyopanda. Ikiwa baridi inasoma mamia ya omu, ikiwa ya moto inashuka hadi makumi. Ikipiga shoti kwa ndani, geji inaona omu karibu na sifuri na mshale unakimbilia H (moto).

Ila usinunue kwa kuangalia umbo tu. Sensa mbili zinaweza kuingia kwenye tundu moja na zikawa na ukinzani tofauti kabisa, halafu ukabaki na geji inayodanganya kwa namna mpya.

FundiUmeme
Spana13 hajakosea, lakini kabla ya kununua chochote nijibu maswali mawili. Geji ya mafuta inasemaje? Na mshale wa joto unabadilika ukiwasha taa kubwa au ukipiga resi?

SeriesTatu
Geji ya mafuta nayo inasoma juu. Tenki likiwa nusu, mshale unapita robo tatu. Na usiku gari likiwa limesimama linanguruma taratibu, nikiwasha taa kubwa mishale yote miwili inashuka kidogo. Nikipiga resi inapanda tena.

FundiUmeme
Basi sensa iache kwanza. Joto la maji halijui kama umewasha taa. Kinachobadilika hapo ni volti, na geji zako hazipaswi kuziona volti za betri zikipanda na kushuka.

Ndani ya kila geji yako kuna ubapa wa metali mbili zilizobandikwa pamoja, umezungushiwa waya mwembamba. Umeme ukipita, waya unapata moto, ubapa unapinda na kuusukuma mshale. Ndiyo maana mshale wa gari la zamani unapanda polepole badala ya kuruka. Geji ya aina hiyo inasoma sawa pale tu inapopewa volti zisizoyumba, na kwenye magari mengi ya Uingereza ya enzi hizo volti hizo ni 10. Kazi ya stabilaiza ni kuzitoa, na stabilaiza moja inalisha geji ya joto na ya mafuta kwa pamoja. Geji mbili zikidanganya kuelekea upande mmoja, kamata kile kinachozilisha zote mbili.

Stabilaiza ya asili yenyewe ina ubapa kama huo huo, unaofungua na kufunga kontakti muda wote ili wastani wa volti uwe 10. Waya wake wa kupasha moto unapata ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi ya gari, kupitia ganda lake la bati. Ganda likishika kutu pale linapofungwa, waya haupati moto, kontakti haifunguki, na volti za alternata zinapita zote. Alternata ikitoa volti 14, joto ndani ya geji halizidi kwa asilimia 40 tu. Linakaribia mara mbili, kwa sababu joto la waya hukua kwa kipeo cha pili cha volti. Hapo mshale lazima ufike nyekundu hata maji yakiwa sawa.

Kwa hiyo kwanza fungua skrubu ya stabilaiza, piga msasa ganda na mahali linapokaa, funga tena. Haikugharimu kitu. Kisha chukua taa ya kupimia, shika upande unaotoka kwenda kwenye geji: taa ikiwaka na kuzimika, stabilaiza inafanya kazi. Ikiwaka moja kwa moja, kontakti imeganda. Multimita ya kidijitali itakuchanganya hapo, namba zitarukaruka tu.

Kapilari
Naheshimu maelezo hayo, lakini hebu tuangalie ni mambo mangapi yanaweza kuharibika: stabilaiza, ethi, waya, sensa, geji. Geji ya kimekanika haina hata kimoja kati ya hivyo. Ni balbu ndani ya maji, mrija mwembamba wa shaba na kimiminika, mara nyingi etha, ambacho presha yake inasukuma mshale. Betri ikifa bado inasoma. Nami nataka namba, si herufi C na H. Kuna tofauti kubwa kati ya Selsiasi 85 na 100, na geji yako ya kiwandani inaficha tofauti hiyo.

Multimita
Kapilari, kwa usahihi nakubaliana nawe, ila mwambie na upande wa pili. Mrija haukatwi wala haupunguzwi. Unaozidi unaukunja kwa duara pana. Ukiuvunja au ukipasuka kwa mtikisiko, geji imekufa, na kuijaza upya si kazi ya nyumbani kwa sababu etha inashika moto upesi sana. Ukipita kwenye ukuta wa injini bila mpira wa kukinga, bati litausaga. Halafu kwenye Series III unaharibu dashibodi ambayo watu wanaitafuta ikiwa kamili.

SeriesTatu, kabla hujashika spana yoyote, hakikisha kweli injini haina moto. Tumia kipimajoto cha infraredi kwenye nyumba ya thermostati (vali inayofunguka maji yakipata moto), lakini usipime chuma kinachong'aa, kitakupa namba ya chini kuliko ukweli. Bandika tepu nyeusi au paka doa la rangi nyeusi isiyong'aa, pima hapo. Thermostati nyingi za magari haya hufunguka kati ya Selsiasi 74 na 88, kwa hiyo namba iliyo karibu na hapo ni habari njema. Na kiwango cha maji ukikague injini ikiwa imepoa kabisa. Mfuniko wa rejeta ya moto haufunguliwi, hata kwa kitambaa. Maji yakipungua hadi sensa ikabaki kwenye hewa, geji inaweza kusoma baridi wakati hedi inaungua, na hilo linanitisha kuliko mshale unaokaa juu.

Spana13
Kwa dalili za geji ya mafuta nami nahamia kwa FundiUmeme. Ila sensa ipimwe hata hivyo, haichukui muda. Chomoa waya wake, fungua swichi bila kuwasha injini: mshale ubaki C. Ukipanda, waya umechunika mahali na kugusa bodi. Kisha gusisha waya huo kwenye chuma cha injini, mshale utaanza kupanda. Ukiona tu unapanda, toa. Ukiuacha muda mrefu unaweza kuunguza geji.

SeriesTatu
Wakuu, nimefuata mpangilio mlionipa. Kwenye doa jeusi kipimajoto kilisoma 83, injini ikiwa imeshapata moto vizuri. Waya wa sensa ukichomolewa, mshale unabaki C. Stabilaiza ilikuwa na kutu ya kahawia chini ya skrubu. Nimepiga msasa hadi bati likang'aa, mishale ikashuka, lakini taa ya kupimia inawaka bila kuzimika kwa muda, kisha inakonyeza, kisha inaganda tena. Naona kontakti zimechoka. Nichukue ya asili au ya kielektroniki?

FundiUmeme
Ya kielektroniki. Inatoa volti 10 zilizotulia, haina kontakti ya kuungua, na haijali imekaaje, wakati ile ya asili ni lazima isimame wima kama ilivyoandikwa juu yake. Hakikisha ni ya ethi hasi (upande hasi wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi), ndiyo ya Series III. Mwenye gari la zamani zaidi lenye ethi chanya asichukue hiyo. Ifunge kwenye bati safi, kwa sababu inapoteza joto kupitia hapo.

Kapilari
Ukishaifunga, andika kipimajoto kinasoma ngapi mshale ukiwa katikati. Ukiwa na namba hiyo, hata geji ya C na H inatosha.

SeriesTatu
Imefungwa. Mshale katikati, doa jeusi linasoma 82, na geji ya mafuta inasema nusu kwenye tenki la nusu. Taa kubwa haziyumbishi chochote tena.